Jina la Babu Katika Daftari: Safari ya Wayahudi wa Rhodes Hadi Kongo, na Wajukuu Wanaowatafuta

Swali la kwanza ambalo askari wa zamu humwuliza mtu afikapo kwenye daraja la Rusizi ni jina lake. La pili ni jina la baba yake na la mama yake. La tatu ni mahali alipozaliwa. Maswali hayo huulizwa kila siku, na majibu yake huandikwa kwa haraka, kwa kuwa nyuma ya huyo mmoja wamesimama wengine ishirini wenye mizigo kichwani. Ni nadra askari kufikiri kwamba baada ya miaka 60 au 80 mjukuu wa mpita njia yule aweza kuja kuutafuta mstari ule mmoja, kwa sababu ndio pekee uliobaki kumwonyesha babu yake alipita wapi.

Makala haya yanaeleza habari za jamii moja ambayo koo zake zilitawanyika katika mabara manne, kisha wajukuu wakaanza kutafutana. Ni Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, walioingia kwa wingi Kongo ya Wabelgiji. Habari zao zinamhusu sana mtu mwenye sare, kwani katika kisa hiki daftari la majina lilifanya kazi mbili zilizo kinyume: liliwaangamiza watu, na baadaye likawakutanisha waliosalia.

MGENI WA ZIWA KIVU

Ndugu msomaji aweza kuuliza, Wayahudi na Rusizi wapi na wapi? Jibu li karibu kuliko adhaniavyo. Mwaka 1898 alifika Rwanda tabibu mmoja wa Kijerumani akitafuta chimbuko la Mto Nile. Alijenga makazi yake kusini mwa Ziwa Kivu, upande wa Shangi, katika iliyokuwa Cyangugu. Jina lake Richard Kandt, na ndiye aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Nyumba ya makumbusho iliyoko Kigali ingali inaitwa kwa jina lake.

Lakini hilo halikuwa jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Posen, ambao leo ni Poznań nchini Poland, katika nyumba ya Kiyahudi, akaitwa Richard Kantorowicz. Baadaye aliingia katika Ukristo na kubadili jina. Mtu akitafuta habari za ukoo wake kwa jina la Kandt hatafika mbali. Hana budi kwanza kulijua lile la Kantorowicz. Huo ndio ugumu wa kwanza wa kazi hii: jina laweza kubadilika njiani, na wajukuu wakabaki wamesimama penye njia panda.

Kandt alikuja peke yake. Wayahudi wa Rhodes walikuja kwa koo.

NDUGU AMWITA NDUGU

Asili yao ni Hispania. Mwaka 1492 wafalme wa nchi hiyo waliamuru kila Myahudi abatizwe au aondoke. Walioondoka wengi walipokewa katika dola ya Waturuki wa Osmani, na Waturuki walipokitwaa kisiwa cha Rhodes mwaka 1522, Wayahudi wa asili ya Hispania walikwenda kukaa huko. Walikaa zaidi ya miaka 400 wakizungumza nyumbani Kihispania cha mababu zao, lugha iitwayo Ladino. Sinagogi lao la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577, lingali limesimama katika mitaa ya mji wa kale.

Kisiwa kilikuwa kidogo na riziki ilikuwa haba. Italia ilipokitwaa kutoka kwa Waturuki mwaka 1912, vijana walikuwa wamekwisha kuanza kuondoka. Wengine walikwenda Marekani, wengine Argentina, wengine Rhodesia. Wengi walikwenda Kongo, hasa katika jimbo la Katanga, ambako mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba.

Walihama kwa utaratibu ambao Mwafrika yeyote aliyetoka kijijini kwenda mjini ataufahamu. Kijana mmoja hutangulia. Hupata kazi ya ukarani katika duka la mtu wa kwao, hulala bohari, huweka akiba, kisha hutuma nauli ya mdogo wake. Mdogo naye humwita binamu. Akishafungua duka lake mwenyewe huandika barua nyumbani aletewe mchumba. Waliuza vitambaa, mablanketi, chumvi na samaki. Nyumbani walizungumza Ladino, shuleni watoto wao walijifunza Kifaransa, na dukani walizungumza Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1937 kijana aliyeitwa Moïse Lévy alifika Elisabethville kuwa rabi wao, akaitumikia kazi hiyo hata mwaka 1991.

Tangu mwaka 1925 Ubelgiji ilikuwa imeiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala mmoja. Kwa hiyo Cyangugu na Elisabethville zilitawaliwa na dola moja, kwa hati za namna moja, na jambo hili tutaliona umuhimu wake baadaye.

MWAKA 1938 NA MWAKA 1944

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Walioandikwa uraia wa Italia baada ya mwanzo wa mwaka 1919 walivuliwa uraia huo na kuamriwa waondoke. Watoto walifukuzwa shule. Waliokuwa na ndugu Kongo waliomba kuitwa. Waliopata kibali na nauli waliondoka. Mmoja wa walioondoka mwaka huo ni Nissim Soriano, aliyekwenda kufanya biashara ya samaki katika nchi ya Ziwa Mweru. Huko alizaa na mama Mwafrika, na mwaka 1964 alizaliwa katika kijiji cha Kashobwe mwana ambaye wasomaji wengi wanamjua: Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia mwaka 2007 hata 2015.

Waliobaki kisiwani walikuwa wakongwe, akina mama, watoto, na wale ambao hawakuwa na nauli. Italia iliposalimu amri Septemba 1943, Wajerumani walikitwaa kisiwa. Tarehe 18 Julai 1944 wanaume wa Kiyahudi waliamriwa wafike kwenye jengo moja la jeshi la anga wakiwa na vitambulisho na vibali vyao vya kazi. Ilionekana kuwa ni ukaguzi wa kawaida. Walipofika walinyang'anywa hati zao na kufungiwa. Kesho yake wake na watoto waliamriwa waje na nguo na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai walipakiwa katika majahazi ya mizigo, wakavushwa hadi bandari ya Piraeus, kisha wakatiwa katika mabehewa ya treni. Tarehe 16 Agosti walifika Auschwitz.

Watu wapatao 1,700 walichukuliwa kutoka Rhodes na kisiwa jirani cha Kos. Waliorudi wakiwa hai walikuwa wapatao 150. Mmoja wa hao ni Sami Modiano, aliyekuwa na umri wa miaka 14. Baba yake na dada yake walikufa kambini. Vita vilipokwisha hakuwa na nyumba wala mzazi. Alikuwa na ndugu Kongo tu. Basi akaenda Kongo, akafanya kazi huko kwa miaka mingi, na ni katika uzee wake ndipo alipoanza kuwasimulia vijana wa Italia yaliyompata.

Kwa watu wa Elisabethville habari ilikuja kwa ukimya. Barua za mama zilikoma. Pesa zilizotumwa hazikupata jibu. Koo nyingi zilizopo leo duniani zimetokana na yule ndugu mmoja aliyepewa nauli mwaka wa 1928 au 1935, na mkono wa pili wa ukoo huohuo haukubakiwa na mtu.

AFISA MMOJA NA HATI

Katika siku zile za Julai palikuwapo Rhodes balozi mdogo wa Uturuki aliyeitwa Selahattin Ülkümen. Alikwenda kwa kamanda wa Kijerumani, Jenerali Kleemann, akadai kwamba miongoni mwa waliofungwa wamo raia wa Uturuki, na Uturuki haikuwa vitani. Raia halisi walikuwa wachache sana. Ülkümen aliongeza kwamba kwa sheria za Uturuki mume au mke wa raia ni raia pia. Sheria ya namna hiyo haikuwako. Aliitunga papo hapo, akaisema kwa sauti ya mamlaka. Kwa njia hiyo watu zaidi ya 40 waliachiwa. Mwaka 1989 taifa la Israeli lilimpa heshima wanayopewa watu wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi katika maangamizi yale.

Tazama basi: hati ileile iliyotumika kumfunga mtu ndiyo iliyotumika kumfungua. Kilichotofautiana ni afisa aliyeishika.

Watu wa Rusizi hawahitaji kupelekwa Rhodes ili kulielewa hili. Wabelgiji ndio walioleta Rwanda, katika miaka ya 1930, kitambulisho kilichoandikwa kabila la mwenyewe, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kitambulisho hicho kilitosha kumwua mtu kizuizini. Hapa mjini, katika Uwanja wa Kamarampaka, maelfu walikimbilia humo wakidhani serikali itawalinda. Tarehe 16 Aprili 1994 baadhi yao waliitwa kwa majina kutoka katika orodha, wakatolewa, wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilisikiliza ushahidi wa jambo hilo na kuliandika katika hukumu yake ya mwaka 2004.

Lakini mkoa huohuo ulikuwa na kambi ya Nyarushishi. Humo walikusanyika watu wapatao 8,000. Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, aliyekuwa akiwaongoza askari wa jandarmeri wa Cyangugu, aliweka watu wake kuilinda kambi na kuwazuia wauaji, hata majeshi ya Ufaransa yalipofika mwezi wa Juni. Sare yake ilikuwa ileile waliyoivaa wengine waliosimama kando au waliosaidia kuua. Kwa ajili ya amri aliyoitoa, ziko koo za Rusizi ambazo leo zina wajukuu.

JINSI WAJUKUU WANAVYOTAFUTA

Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, vita vya kujitenga kwa Katanga, na agizo la Novemba 1973 lililotwaa biashara za wageni, watu wa Rhodes walihama tena. Wengi walikwenda Brussels, Cape Town na Israeli. Hivyo mtoto aliyezaliwa Lubumbashi alikulia Ubelgiji, binamu yake Zimbabwe, na mwingine Marekani. Wote wana babu mmoja, nao hawajuani hata kwa sura.

Kazi ya kuwakutanisha ilianzwa na wajukuu wenyewe. Wakili mmoja wa Los Angeles, Aron Hasson, ambaye wazee wake walitoka Rhodes, alianza kukusanya picha na majina, na mwaka 1997 alianzisha makumbusho ya Wayahudi wa kisiwa hicho, kando ya sinagogi la Kahal Shalom. Mawe ya makaburi yalisomwa moja moja na maandishi yake kunakiliwa. Orodha za abiria wa meli zilitafutwa bandarini. Huko Ujerumani, katika mji wa Bad Arolsen, iko hifadhi kubwa ya nyaraka za walioteswa na utawala wa Hitler, yenye habari za watu wapatao milioni 17 na nusu. Nayo ilifunguliwa kwa watafiti mwaka 2007.

Hazina moja ilitoka mahali ambapo polisi wetu watapatambua mara moja. Mwaka 2013 yalitambuliwa huko Rhodes majalada ya polisi wa Italia, wale waitwao Carabinieri, yaliyokuwa yamekaa miaka mingi katika majengo ya polisi bila kuguswa. Yalikabidhiwa hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ugiriki. Ndani yake mna majalada ya watu wa kawaida: nani aliomba pasi ya kusafiri, alitaka kwenda wapi, ni ndugu gani aliyemdhamini. Karani wa polisi aliyeyaandika alikuwa akitumikia serikali iliyowabagua watu hao. Hata hivyo, kwa kuwa aliandika jina kwa ukamilifu, na jina la baba, na mwaka wa kuzaliwa, leo mjukuu hupata katika jalada moja yale ambayo ukoo mzima uliyasahau.

Kuna desturi mbili ambazo mtafutaji hana budi kuzijua. Ya kwanza ni ya majina. Wayahudi wa asili ya Hispania humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, hata kama babu yu hai, na wa pili jina la babu mzaa mama. Watu wa pwani ya Waswahili wataitambua desturi hiyo. Inasaidia, maana jina hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Inatatiza pia, maana ndugu watano wakizaa kila mmoja mwana wa kwanza, watapatikana binamu watano wenye jina moja na ukoo mmoja, wamepishana miaka michache tu. Hapo ndipo jina la mama huwa na thamani kubwa, na karani aliyeliacha bila kuliandika huwa amekata kamba.

Desturi ya pili ni ya kuoana ndani ya jamii. Siku hizi wengi hupima damu na mate katika maabara ili kujua ndugu zao. Lakini watu waliooana kisiwani kwa miaka 400 wana damu iliyochanganyika mno, hata kipimo humwonyesha kila mmoja kuwa binamu wa kila mmoja. Kipimo hutoa fununu. Hati ndiyo hukata shauri.

Waliozaliwa na mama Waafrika wana ugumu wa ziada. Baba wengine waliwatambua wana wao, wengine waliwaacha bila jina. Tena mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia wa Zaire waache majina ya kigeni. Basi mtafiti hukuta baba ana jina moja na mwana ana jina jingine, kama Soriano na Katumbi, na asiyeijua historia hudhani kuwa hao si wa nyumba moja.

Na hapa ule umoja wa utawala tulioutaja unarudi. Utawala wa Kibelgiji uliwachukua watoto wa baba Wazungu na mama Waafrika wa Kongo na Ruanda-Urundi na kuwaweka katika vituo vya wamisheni, kimojawapo kikiwa Save, karibu na Butare. Uhuru ulipokaribia, wengi walipelekwa Ubelgiji, ndugu wakatenganishwa, na majina ya baadhi yao yakabadilishwa. Mwaka 2019 serikali ya Ubelgiji iliwaomba radhi, na nyaraka za kikoloni zilifunguliwa ili watafute mama zao. Hao si Wayahudi, lakini kazi yao ni ileile, na mara nyingine hufanyika katika rafu zilezile za makabrasha.

KUKUTANA

Kila mwezi wa Julai wajukuu na vitukuu hukutana Rhodes kuwakumbuka waliochukuliwa. Mwaka 2014, ilipotimia miaka 70, na mwaka 2024, ilipotimia 80, walikuja kutoka Afrika, Ulaya na Marekani. Husimama katika uwanja ambao Wagiriki wameuita kwa jina la Wafia Dini wa Kiyahudi, penye mnara mweusi. Halafu hutembea mitaani wakiwa na karatasi zenye miti ya ukoo, wakiulizana: Mama yako alikuwa wa nyumba gani? Duka la babu yako lilikuwa Elisabethville au Jadotville? Na wazee waliokulia Katanga, wakikutana, si ajabu kusikia Kiswahili cha Lubumbashi kikizungumzwa katika kisiwa cha Ugiriki.

Hawapati kila kitu. Wapo wanaorudi na jina tu, bila picha wala kaburi. Hata hivyo jina si dogo kwa mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa na kitu. Rwanda twalijua jambo hili kwa uchungu, kwani kwa desturi yetu mtoto hapewi jina la ukoo wa baba yake; kila mmoja ana jina lake. Mtoto aliyepotezana na wazazi mwaka 1994, na aliyejua majina mawili tu ya utotoni, alikuwa mgumu sana kurudishwa kwao. Watumishi wa Msalaba Mwekundu walipita kambini Bukavu na kwingineko wakiandika kila alichokumbuka: jina la ndugu, la mwalimu, la kilima, la ng'ombe. Walipiga picha na kuzibandika ili mzazi apitaye aitambue sura. Makumi ya maelfu ya watoto walirudi kwa jamaa zao kwa kazi hiyo ya subira.

Basi, ndugu askari na polisi, yafaa mambo matatu yazingatiwe. La kwanza: andika jina kwa ukamilifu kama mwenyewe alitamkavyo, pamoja na la baba na la mama, kwani hujui nani atalihitaji. La pili: tunza daftari la zamani, lisitumike kufungia karanga wala kuachiwa mchwa kwa kuwa kesi zake zimekwisha. La tatu ndilo kubwa. Ukiletewa orodha ya watu na kuamriwa uwakusanye kwa sababu ya kuzaliwa kwao tu, kumbuka kwamba walioshika orodha ya namna hiyo Rhodes na Kamarampaka nao walisema ni amri. Hati zilibaki, mahakama zilizisoma, na wajukuu wa waliokufa wanazisoma hata sasa. Humo yamo majina ya walioitwa, na mara nyingi limo pia jina la aliyewaita.